UZI: Ukitajiwa hatari ya upasuaji wa kansa ya umio au tumbo, uliza namba hiyo imetoka wapi

#1 BintiWaLikoni (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu wa Mombasa na kwengineko. Miaka yote nasoma tu humu, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Babangu alibeba mizigo bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Mwaka jana chakula kikaanza kumkwama. Kwanza nyama, halafu wali, mwisho hata uji ukawa washuka kwa taabu. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za asidi miezi miwili. Alipofanyiwa endoskopi na kipande kikapelekwa maabara, jibu likarudi: kansa ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, upande wa chini. Wakati huo kutoka kilo 72 alikuwa amefika 61.

Tulipelekwa Nairobi. Akaanzishiwa kemo ili uvimbe unywee, kisha tukaitwa kikao cha kupanga upasuaji. Alikuwepo mpasuaji, na daktari wa nusukaputi ambaye kumbe ni mtu wetu wa Pwani. Huyu hakuanza na mafaili. Alimuuliza baba: "Mzee, ukishuka feri upande wa mjini, ule mlima waupanda kwa pumzi moja?"

Baba akanyamaza. Mimi jibu nilikuwa nalo. Tangu mwaka juzi alikuwa akisimama mara mbili, anajifanya anamsubiri mtu.

Daktari akatueleza kwamba swali lile ni kipimo. Mtu anayepanda mlima au ngazi za ghorofa mbili bila kusimama, moyo na mapafu yake yana akiba ya kubeba kazi kubwa. Anayesimama njiani akiba yake ni ndogo, na upasuaji huu unaila akiba yote. Akaongeza mengine: sigara za miaka thelathini, uzito uliopotea, albumini (protini ya damu) iliyo chini ya 35, himoglobini ndogo. Kisha akatuambia uwezekano wa baba kupata tatizo baada ya upasuaji ni mkubwa kuliko wa kawaida.

Kakangu alisimama akasema basi, turudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo naomba kila mtu humu aliweke moyoni: "Daktari, katika hayo uliyoyahesabu, lipi tunaweza kulibadilisha kabla ya siku ya kisu?" Yule daktari alivuta kiti karibu. Umri, akasema, hamuwezi. Mahali uvimbe ulipo, hamuwezi. Lakini sigara mnaweza, lishe mnaweza, damu mnaweza, pumzi mnaweza. Tena tulikuwa na wiki tano, kwa sababu baada ya kemo lazima mwili upumzike kwanza.

Ntaeleza tulivyozitumia. Kwanza nataka kusikia kutoka kwenu.

#2 Mwalimu_Changamwe

Dada, pole sana, Mungu ampe mzee afya. Ila mimi hizi habari za kutabiri zinanikera, na nina sababu. Shemeji yangu aliambiwa hatari ni kubwa. Akarudi nyumbani, akakataa upasuaji, na miezi michache baadaye tukamzika. Angekuwa hakuambiwa ile namba, huenda angekubali. Daktari anajua nini kuhusu kesho ya mtu?

#3 BintiWaLikoni

Mwalimu, pole kwa msiba. Kakangu alikuwa mlango huo huo, mkono uko kwenye kitasa. Naamini shemeji yako alipewa namba bila kupewa la kufanya, na hapo mtu hubaki na hofu peke yake.

#4 DktGanzi

Naomba niingie kama mtu wa fani, ingawa siye niliyemwona mzee huyo.

Mwalimu, uchungu wako nauelewa. Hakuna daktari anayejua kesho ya mtu mmoja. Tunachofanya ni kumtazama mgonjwa, kisha kuwatazama maelfu waliofanana naye waliopita mbele yake, tuone wangapi walipata tabu na tabu gani. Kipimo kimoja cha zamani kinaitwa POSSUM, kilitoka Uingereza mwaka 1991. Kina mambo 12 ya mwili, kama umri, moyo, mapafu, presha, mapigo, himoglobini, chumvi za damu, na mengine 6 ya upasuaji wenyewe. Mwaka 1998 kikarekebishwa, kwa sababu kilikuwa kinatisha watu kupita kiasi hasa wale wenye hatari ndogo. Baadaye likatengenezwa toleo la umio na tumbo peke yake, nalo likaonekana pengine linakadiria vifo zaidi ya vinavyotokea. Kwa hiyo hata sisi hatuzichukui namba hizi kama aya.

Sasa niseme kitu ambacho familia nyingi hazielezwi. Mwaka 2019 zilichapishwa takwimu za hospitali 24 kutoka nchi 14, wagonjwa 2,704 waliotolewa umio. Asilimia 59 walipata tatizo la aina fulani. Ukiishia hapo utakimbia. Lakini soma mbele: waliofariki ndani ya siku 30 ni asilimia 2.4, na ndani ya siku 90 asilimia 4.5. Hizo ni hospitali zenye mazoea makubwa na kazi hii, kwengine mambo yaweza kuwa mazito zaidi. Hata hivyo mnaona pengo lililopo kati ya "kupata tatizo" na "kufa". Katika yale matatizo, nimonia ilikuwa asilimia 14.6, mapigo ya moyo kwenda kombo 14.5, na kuvuja pale paliposhonewa 11.4.

Ndiyo maana tuna daraja za uzito wa tatizo, zimetumika tangu 2004. La kwanza ni dogo, kama homa ya kumeza kidonge. La pili linahitaji dawa maalumu au damu. La tatu linamrudisha mgonjwa kwenye kisu au kwenye mpira wa kutoa usaha. La nne ni ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. La tano ni kifo. Ukiambiwa "uwezekano wa tatizo", uliza: daraja la ngapi?

#5 Mwalimu_Changamwe

Hili la daraja sijapata kulisikia. Shemeji hakuambiwa. Ahsante daktari.

#6 FundiSimu_Bondeni

Dokta, kuna ukurasa wa kujihesabia mwenyewe kwenye simu? Mamangu mdogo ana kansa ya tumbo.

#7 DktGanzi

Vipo, na kile cha chama cha wapasuaji wa Marekani kiko wazi kwa kila mtu. Ila kaka, kimejengwa kwa wagonjwa wa hospitali za Marekani. Hakijui kama ICU unayokwenda ina kitanda. Hakijui kama siti skani inafanya kazi usiku. Wala hakijui mpasuaji wako amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na hilo ni katika mambo yenye nguvu kabisa: hospitali inayofanya nyingi kwa mwaka hupoteza wachache kuliko inayofanya moja moja. Kijaze ukiwa na daktari wake pembeni. Na muulize bila kuona haya, "Huu mnaufanya mara ngapi kwa mwaka?" Mpasuaji mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

#8 BintiWaLikoni

Narudi na zile wiki tano, maana watu wameniandikia faraghani.

Sigara iliachwa siku ile ile. Tuliambiwa zahitajika wiki nne angalau ili mapafu yapate nafuu ya maana. Baba alizitoa mfukoni akampa mpiga debe pale stendi, sikusema kitu.

Chakula ndicho kilichotuumiza kichwa. Kumezwa hakumezeki. Aliwekewa mpira mdogo wa kulishia unaoingia kwenye utumbo mwembamba, kwa tundu dogo la tumboni. Hawakumshindilia. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimlisha kwa pupa, chumvi za damu huporomoka na moyo waweza kusimama, kwa hiyo walianza kidogo kidogo huku wakipima damu na kumpa vitamini. Kile kilichopita mdomoni tulikitengeneza nyumbani: uji wa wimbi uliochujwa wenye maziwa na siagi, mayai yaliyopigwa ndani ya maziwa ya moto kiasi, supu ya samaki iliyosagwa na kuchujwa mara mbili. Mamangu alikuwa na kichujio chake ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Baba alipanda kilo mbili. Daktari alifurahia zaidi kwamba hakushuka.

Pumzi: kila asubuhi baada ya alfajiri tulivuka feri. Siku ya kwanza alisimama mara tatu kwenye ule mlima. Tukaenda Mama Ngina, pale ufukweni, tukatembea dakika sita tukitazama saa, nikahesabu miti. Jioni alivuta kile kidude cha plastiki chenye vigololi vitatu, avute hewa mpaka vipande juu vyote. Wiki ya nne aliupanda mlima wa feri na kusimama mara moja. Nilimpiga picha akiwa juu, ameegemea ukingo, jasho latiririka, anacheka.

Na meno! Tuliambiwa apige mswaki kutwa mara tatu na aende kwa daktari wa meno kabla ya upasuaji, kwa sababu uchafu wa kinywani huteremka mapafuni ukaleta nimonia. Hili ni rahisi mno, na hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

Gharama na mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, ntayafungulia uzi wake, nikiyachanganya hapa tutapotea.

#9 MuuguziMkongwe

Binti, mungu akuweke. Mimi nimekaa wodi za upasuaji zaidi ya miaka ishirini na nataka niongeze sehemu ya pili ya utabiri, ambayo watu husahau. Utabiri hauishii mlango wa thieta. Kwangu mimi hasa ndipo unapoanzia.

Kwanza mjue kinachofanyika mle ndani. Umio wenye uvimbe hukatwa. Tumbo hukatwa likawa kama bomba refu, likavutwa juu mpaka kifuani, likaunganishwa na umio uliobaki. Huko kulivutwa damu inakuja kwa mshipa mmoja tu unaopita ukingoni. Wale wa mashamba mtanielewa: ni mfereji wa maji, na mche wa mwisho ndio unaopata kidogo. Mshono uko kwenye mche wa mwisho. Ndiyo sababu unavuja. Juu ya hayo, wakati wa kazi ya kifuani pafu moja hulazwa lisipumue, kwa hiyo likiamka linahitaji kufanyishwa kazi. Kuna wapasuaji wanaotumia matundu madogo badala ya kupasua kifua. Jaribio moja la Ulaya la mwaka 2012 lenye watu 115 lilionyesha maambukizi ya mapafu ndani ya wiki mbili yakishuka kutoka asilimia 29 hadi 9. Si kila mgonjwa anafaa, wala si kila hospitali inacho.

Sasa siku zenyewe. Siku ya tatu, ya nne na ya tano, mimi hulala jicho moja. Kuna kipimo cha damu cha CRP, kinachopanda mwili ukiwa na jeraha au maambukizi. Mtu yeyote aliyepasuliwa CRP yake hupanda, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha inatakiwa ishuke. Ikigoma kushuka, au ikipanda tena, kuna kitu. Mwaka 2013 wapasuaji wa Southampton, Uingereza, walitoa hesabu ya siku ya nne inayochanganya CRP, chembe nyeupe za damu na albumini. Ikizidi 10, utafute uvujaji. Kwa mfano, CRP 120, chembe nyeupe 9, albumini 30 hutoa kama 8.4. Lakini CRP 220, chembe nyeupe 14, albumini 25 hutoa kama 10.7, na hapo sisubiri kupambazuke. Si kila hospitali iliyoijaribu iliona inafanya kazi vizuri hivyo, kwa hiyo naitumia pamoja na macho yangu. Macho yenyewe hutazama mapigo, pumzi kwa dakika, mkojo, rangi ya maji kwenye mpira wa kifuani, na kama mgonjwa ameanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Na moyo ukianza ghafla kwenda kombo, msiseme "ni uzee". Mara nyingi ni mshono unaopiga kelele kwa kupitia moyo.

#10 BintiWaLikoni

Bi Muuguzi, nimesoma mstari wako wa mwisho mikono ikatetemeka. Ndicho kilichotupata.

Upasuaji ulichukua saa saba. Siku ya kwanza na ya pili baba alikuwa vizuri, siku ya pili wakamkalisha kitini, akatembea hatua kumi ameshika mti wa dripu. Siku ya nne, saa tisa za usiku, moyo ukaanza kurukaruka. Muuguzi wa zamu alikuwa kijana mdogo. Alitazama chati ya damu ya mchana, akaona CRP ilikuwa imepanda badala ya kushuka, akampigia simu daktari usiku ule ule. Saa kumi na mbili asubuhi baba alikuwa kwenye siti skani amenyweshwa dawa ya kuonyesha njia. Ilionekana inavuja, kidogo, pembeni mwa mshono.

Hawakumrudisha thieta. Waliweka mpira wa kunyonya yale majimaji, wakampa antibiotiki za mshipa, wakafunga kabisa kula kwa mdomo, na ule mpira wa kulishia tuliouona kero ndio uliomlisha wiki tatu nzima. Daktari alituambia uvujaji ule umeshikwa mapema. Ungeachwa siku mbili, usaha ungejaa kifuani.

Kwa hiyo Mwalimu, ndiyo, kile kilichotabiriwa kilikuja. Kilikuta watu wako macho.

#11 MamaAsha_Bamburi

Nimesoma nimelia. Kakangu alitolewa tumbo lote, si Nairobi, mahali ambapo sitapataja. Siku ya tano mapigo yalikuwa mbio, anahema, ananiambia bega la kushoto linauma. Nilimwambia wa zamu mara tatu. Nikajibiwa ni maumivu ya kidonda, nisimsumbue mgonjwa. Alipimwa damu siku ya saba. Alifariki siku ya tisa. Sijui kama angepona. Najua niliona, na sikuwa na maneno ya kuwafanya wasikie.

#12 MuuguziMkongwe

Mama Asha, inna lillahi. Nakupa pole kutoka moyoni, na kama mtu wa kazi hii naona uchungu. Uliona sawasawa. Bega la kushoto kuuma kwa mtu aliyepasuliwa tumbo laweza kuwa ni uchafu uliokusanyika chini ya kiwambo cha pumzi.

Kwa anayeuguza sasa hivi, maneno yenyewe ni haya, yasemeni hivi hivi: "Mapigo yake yalikuwa 85 jana, leo ni 120. Naomba aonwe na daktari wa upasuaji sasa, na naomba CRP irudiwe." Taja namba. Andika saa uliyosema na uliyemwambia. Ukitaja namba na saa ni vigumu mtu kukupita.

#13 MamaAsha_Bamburi

Ahsante Bi. Nimeandika kwenye daftari.

#14 NahodhaKibokoni

Wanangu, salaam. Mimi ni mzee wa Mji wa Kale, nilitolewa tumbo lote miaka sita iliyopita na bado niko, alhamdulillahi. Nina sukari, kwa hiyo nami nilihesabiwa katika wenye hatari. Walichelewesha upasuaji mpaka sukari ikatulia. Mke wangu alikasirika, akiona kansa yaachwa ikue. Lakini ilikuwa wiki tatu tu, na kidonda changu kilifunga vizuri.

La kuongeza ni dogo. Msidhani matatizo yamekwisha mkitoka wodini. Bila tumbo mwili haupati B12 kutoka kwenye chakula, nachomwa sindano na ntachomwa maisha yangu yote. Nala kidogo kidogo mara sita kwa siku. Chai ya sukari nyingi na halua vikinipita ghafla napata kizunguzungu, moyo waenda mbio, jasho. Kahawa chungu nanywa, ila naiacha ipoe. Halua nalamba kidole kimoja siku ya Idi.

#15 FundiSimu_Bondeni

Shikamoo mzee wetu. Mamangu mdogo ni huyo huyo, tumbo, na amepangiwa baada ya wiki nne. Anakaa Kisauni, hatembei mbali, amekonda, albumini yake ni 29. Nianze wapi?

#16 DktGanzi

Kaka, albumini 29 inasema mwili unapambana na ugonjwa pamoja na njaa. Kesho, si wiki ijayo, aonwe na mtu wa lishe wa hospitali hiyo hiyo itakayompasua, na uulize kama anahitaji mpira wa kulishia. Himoglobini na madini ya chuma yapimwe. Pia waombe waitazame ile siti skani mliyokwisha kuipiga: kwenye kipande cha kiunoni, usawa wa pingili ya tatu ya uti wa mgongo wa hapo, huonekana misuli imebaki kiasi gani. Picha ipo tayari, ni kuisoma tu. Akiwa na misuli kidogo, mazoezi na protini ndiyo dawa yake, na ikibidi mpasuaji asogeze tarehe.

#17 BintiWaLikoni

Kaka Fundi, kichujio cha mamangu kimekaa kabatini bure tangu baba arudi kula ubwabwa. Niandikie faraghani uje ukichukue, na mamangu atamwelekeza mke wako ile supu. Mamako mdogo ana ngazi kwao?

#18 FundiSimu_Bondeni

Wanakaa ghorofa ya pili, vipandio 32, amevihesabu leo. Amesimama mara nne. Kesho asubuhi naenda kupanda naye.